Umelifunga Gari Lako Breki Kubwa? Subiri Usikie ya Makindu

Ikiwa wewe ni miongoni mwa wale ambao Jumapili haiishi kabla hawajainua boneti na kuchungulia ndani, makala haya yameandikwa kwa ajili yako. Na ikiwa si wewe bali ni kijana wako, yule anayeliosha gari mara tatu kwa wiki na kulitolea jina la kupanga, basi soma vilevile, maana huenda siku moja ukaketi kwenye kiti cha mbele cha gari hilo ukielekea harusini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yangu. Mwanawe, ambaye ni mpwa wangu, ana Subaru Impreza. Si ile ya kwenda nayo sokoni. Ni WRX, yenye tabo, ile ambayo ukiikanyaga mafuta mgongo wako unabandikwa kwenye kiti. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili hayakuanza jana. Mwaka wa 1993 Patrick Njiru aliingia Safari Rally na kile kigari kidogo cha Subaru Vivio ambacho watu walikicheka, akamaliza wa 12 na kushinda katika daraja la magari yake. Colin McRae akashinda Safari yenyewe kwa Impreza mwaka wa 1997, na Richard Burns akafuata mwaka wa 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara wakila vumbi la magari hayo ndio hawa leo wenye kazi na mishahara, nao wanayanunua yakiwa yameshatumika Japani.

Sasa, mpwa wangu alikuwa na breki zake za kiwandani, zenye diski za mbele za milimita 277. Akaambiwa na wenzake kwamba mwanamume hatembei na breki kama hizo. Akanunua kalipa za pistoni nne, zile zilizotoka kwenye Subaru nyingine ya nguvu zaidi, pamoja na diski za milimita 294. Kwa asiyejua, kalipa ni ule mkono wa chuma unaoikumbatia diski, na ndani yake mna pistoni zinazozisukuma pedi ziibane diski hiyo. Uzuri wa vipuri hivi ni kwamba vinaingia kwenye matundu yale yale ya boliti, bila kukata wala kuchomelea. Ubaya wake ni huo huo: kila mtu hudhani kazi ni rahisi.

Kazi ilifanywa Ijumaa jioni katika gereji moja jijini Nairobi ambayo sitaitaja. Jumamosi alfajiri tukaondoka kwenda Voi kwenye harusi, dada yangu mbele, mimi nyuma na maboksi ya zawadi.

Mteremko wa Salama

Anayeijua barabara ya Mombasa anajua kwamba ukishapita Malili unakaribia Salama, mahali ambapo jina lake na sifa yake havijawahi kupatana. Barabara inapanda na kushuka vilimani, malori yamejaa, na kila dereva ana haraka. Tulikuwa nyuma ya lori la makontena, tukishuka. Mpwa wangu akakanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama inavyolazimu mtu anayefuata lori. Mara ya nne nikaona goti lake limezama kuliko kawaida. Akapampu haraka haraka, mara mbili. Breki zikashika. Gari lilisimama, tuseme, kwa umbali ambao ningeweza kuzisoma nambari za lori bila miwani.

Hakusema neno. Nami sikusema. Ndugu msomaji, hapo ndipo tulipokosea, na ninakueleza ili wewe usikosee: tulipaswa kuegesha pale pale. Lakini kijana aliona haya mbele ya mama yake, mimi nikamwonea haya kijana, tukaendelea polepole tukipitia Sultan Hamud na Emali, tukiliachia kila lori nafasi ya kugeuzia treni, hadi Makindu.

Ngoja nikueleze kilichokuwa kikitendeka ndani ya magurudumu. Breki ni mtambo wa kugeuza mwendo kuwa joto, basi. Mwendo ukiongezeka maradufu, joto litakalozalishwa ukisimama linakuwa mara nne. Gari lile lile likisimama kutoka kilomita 160 kwa saa linapika diski zake mara nne kuliko likisimama kutoka kilomita 80. Joto hilo linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni na kuyafikia mafuta ya breki. Mafuta haya hayapendi maji lakini huyanywa kutoka hewani mwaka baada ya mwaka. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishakunywa maji ya kutosha kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 3 huanza na 205 na kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Unakanyaga, na badala ya nguvu yako kufika kwenye diski, inaishia kuuminya mvuke.

Hewa iliyonaswa ndani tangu mwanzo hufanya vivyo hivyo, na ikipata joto inatanuka. Hilo la hewa liweke akilini.

Chini ya mti, nyuma ya barabara

Makindu ilipata jina lake kutokana na mikindu, ile mitende ya mwituni inayofumwa ukili. Reli ilipopita hapa ikielekea Nairobi, mwishoni mwa karne ya 19, iliwaleta Masingasinga wengi waliokuwa mafundi wa chuma na mbao, na hekalu lao la mwaka wa 1926 bado liko kando ya barabara. Msafiri yeyote, awe wa dini gani, hula pale bila kulipa. Tukamwacha dada yangu huko na sahani ya dengu na chapati, tukamwambia tunakwenda kutazama upepo wa magurudumu.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mzee wa Kikamba mwenye ndevu nyeupe na ovaroli ambayo rangi yake ya kwanza haikujulikana tena. Alikuwa na jeki mbili, stendi nne za chuma, na mti. Mpwa wangu akaanza kumweleza habari za pistoni nne na milimita 294. Mzee akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akachuchumaa, akachungulia katikati ya mikono ya rimu, upande huu, akazunguka upande wa pili. Hakuwa hata amechukua spana.

"Kijana wangu," akasema, "kiatu cha kulia wamekuvisha mguu wa kushoto."

"Vipi, mzee?"

"Njoo utazame. Nipeli ya kutolea hewa iko wapi?"

Ilikuwa chini. Pande zote mbili, chini.

Hewa, msomaji, hupanda juu, iwe kwenye chupa ya soda au kwenye kalipa. Kwa hiyo nipeli, yaani ule mdomo mdogo unaofunguliwa ili hewa itoke, hukaa upande wa juu wa kalipa. Ukiifunga kalipa ya kulia upande wa kushoto, boliti zitaingia vizuri kabisa, rangi nyekundu itang'aa kwenye rimu, lakini nipeli itatazama ardhini. Utatoa mafuta lita nzima na hewa itabaki juu imetulia, ikikungojea Salama.

Mzee alikataa kuanza kabla ya kuhakikisha gari limekaa juu ya stendi. Jeki, alisema, ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Akazifungua kalipa, na badala ya kuziacha zining'inie kwa hosi akazifunga kwa waya kwenye springi, maana hosi ikibeba uzito hupasuka ndani kwa ndani na huwezi kuona. Akazigeuza, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Pale hosi inapoungana na kalipa akazitupa washa za shaba na kutia mpya; zile za zamani zimeshabonyezwa, na zikirudishwa zitavuja tone moja moja. Akazisugua diski kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki, na nyuma yake akakwangua kutu kwenye habu, kwa sababu kutu kidogo tu huifanya diski ikae upande na usukani ukatetemeka. Hili la kutu gereji ya Nairobi haikulifanya, na sidhani wangelifanya hata wangelipwa mara mbili.

Boliti za kalipa alizikaza kwa spana ya kupimia nguvu, akifuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nilishangaa kuona chombo hicho chini ya mti, naye akaniambia alikinunua baada ya kushuhudia boliti iliyokazwa kwa mabavu ikikatika.

Kisha mafuta. Akamtuma kijana dukani akanunue DOT 4 na akamwonya asilete kopo lililofunguliwa. Chupa ikishafunguliwa inaanza kunywa unyevu, na nusu chupa iliyokaa rafu miezi sita haifai hata ikiwa ya bei gani. (DOT 5.1 ingefaa pia, inachanganyika na DOT 4. DOT 5 ni kitu kingine, ni silikoni, usiitie humo.) Mpwa wangu akakaa ndani akanyage na kushikilia, mzee chini anafungua nipeli na kuifunga kabla mguu haujaachia. Wakaendelea hivyo gurudumu baada ya gurudumu, huku nikilinda kikombe cha mafuta juu ya injini kisikauke, kazi ambayo ndiyo pekee niliyoaminiwa. Povu lililotoka kwenye yale magurudumu mawili ya mbele lilinifanya nigeuke nitazame kule hekaluni alikokuwa dada yangu.

Sasa swali ambalo huenda unaliuliza: je, breki hizo kubwa zina faida? Mpwa wangu alimwuliza mzee swali hilo hilo, akitarajia sifa. Jibu lilikuwa kwamba kinacholisimamisha gari ni mpira unaogusa lami. Breki zozote nzima zinaweza kulifunga gurudumu lisizunguke. Zikishafanya hivyo, ukubwa hauongezi kitu. Diski kubwa inabeba joto zaidi kabla ya kuchoka, kwa hiyo inakufaa ukikanyaga mara ya kumi, si ya kwanza. Tena ukiongeza nguvu za mbele na kuyaacha ya nyuma kama yalivyokuwa, ya mbele yanafanya kazi yote, ya nyuma yanasindikiza, na gari linaweza hata kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Kwa hiyo mtu mwenye tairi zilizokwisha na mafuta ya breki ya miaka mitano, halafu akanunua kalipa za rangi, amenunua rangi. Mafuta mapya kila miaka miwili, pedi nzuri na tairi zenye meno vingemsaidia zaidi, na kwa bei ndogo kuliko hiyo.

Lakini ikiwa umeshaamua, na najua umeshaamua, pima kwanza kama rimu zako zitaikubali kalipa. Hizo za pistoni nne huhitaji rimu za inchi 16. Zile Brembo za STI, zenye diski za milimita 326, huhitaji 17. Ijulishe kampuni ya bima kwamba umebadilisha breki, kabla hawajagundua wenyewe siku ambayo hutaki wagundue. Na usiondoke na gari gerejini bila kukanyaga breki mara kadhaa likiwa limesimama. Pistoni zilizosukumwa ndani wakati wa kufunga pedi hazirudi zenyewe, na kanyago la kwanza huenda chini bure. Wako waliolijua hilo baada ya kuugonga ukuta wa gereji.

Kazi ilipokwisha mzee alipanda gari pamoja na mpwa wangu wakaelekea upande wa Kibwezi, mahali barabara ilipokuwa tupu. Wakaenda kilomita 60 kwa saa na kupunguza hadi 15 bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, kisha wakaliacha gari litembee lipoe bila kukanyagwa. Pedi mpya na diski mpya hazijuani. Lazima zizoeshwe, na hakuna aliyezizoesha. Gari la safari ndefu halipaswi kuondoka siku moja baada ya breki kufungwa. Lipe wiki ya kutembea karibu na nyumbani, na siku ya tatu au ya nne chungulia kama kuna mahali panapovuja.

Waliporudi mpwa wangu alikuwa mtu mwingine. Pedali, alisema, ni kama kukanyaga jiwe. Mzee alitutoza pesa ambazo hazingenunua kuku watatu, akakataa tulipotaka kuongeza, akakubali soda.

Dada yangu tulimkuta ameshamaliza kula na kuosha mikono, ameketi kivulini akitazama milima ya Chyulu. Akauliza mbona upepo wa magurudumu unatazamwa saa tatu. Kijana akamwambia tulikunywa chai kidogo njiani.

"Chai," akasema mama yake, akiitazama mikono yake iliyokuwa nyeusi hadi kwenye viwiko. Akaingia garini, akafunga mkanda. "Sawa. Lakini kule Salama ulipampu mara mbili, nilihesabu. Haya, twende, bibi harusi anangoja."