Kisu, waya wa gitaa au mashine: ukate sabuni kwa kipi?

Watengenezaji wengi wa sabuni ya mafuta ya nazi au mawese hupima kostiki soda kwa gramu, lakini wakifika kwenye kukata wanakadiria kwa jicho. Faida huvujia hapo. Chukua kalibu ya mbao yenye urefu wa sentimita 50. Kwa vipande vya sentimita 2.5 unapata 20. Kila kipande kikizidi milimita mbili tu, unapata 18 na kipande kilichobaki kisichouzika. Tuseme kipande ni shilingi 2,000: umepoteza 4,000 kwa kila kalibu, na mteja aliyeangukia kipande kinene hakuongezei hata senti.

Kinachorudisha hela hiyo ni kizuizi, yaani kibao kinachoshika ncha ya mche ili kila kipande kitoke na unene uleule. Makali yanafuata baadaye. Mtu mwenye kisu cha kawaida na kizuizi kilichopigiliwa vizuri atamshinda mwenye kisu ghali anayepima kwa rula.

Kisu chenyewe kina mipaka yake. Chembamba cha jikoni hupinda kikiwa ndani ya sabuni, na kipande hutoka chembamba juu, kinene chini. Bamba pana la kukatia unga wa mikate hunyooka zaidi na bei yake ni ndogo. Hakikisha tu ni chuma kisichoshika kutu, kamwe si alumini, maana kostiki huila alumini na sabuni changa bado ni kali. Vaa glavu.

Mimi ningempa fundi seremala kazi: kitako cha mbao, kuta mbili, kizuizi kinachosogezwa na fremu ya kukazia waya mmoja wa gitaa. Tuseme vyote vinakugharimu 20,000. Kwa hesabu ya hapo juu, kalibu tano zimelipa. Chukua waya mwembamba ulio laini, ule wa kwanza. Zile nene zilizozungushiwa waya mwingine hukwaruza uso wa sabuni. Mshipi wa nailoni wa kuvulia ni rahisi kuupata lakini unavutika, na katikati ya kipande hutokea tumbo. Ukimaliza futa waya ukauke, la sivyo kutu itauingia. Ila ukitia karafuu nzima au vipande vikubwa vya mwani, rudi kwenye bamba, kwa sababu waya utazikokota punje na kuacha mifereji.

Mashine ya nyaya nyingi inakata mche mzima kwa mkupuo mmoja. Inapendeza, na nimeona watu wakiitamani kabla hata hawajapata wateja. Lakini haikuongezei kipande hata kimoja juu ya vile 20. Inachokupa ni muda. Nyaya zake zimefungwa kwa unene mmoja, hoteli ikitaka vipande vidogo huna la kufanya. Inafaa kwa anayekata miche mingi kila siku, na aulizie kwanza nyaya za akiba.

Kuna wanaokwepa kukata kabisa kwa kumimina kwenye vikalibu vya silikoni, kimoja kimoja. Ni sawa kwa sabuni za zawadi. Kwa biashara utahitaji vikalibu vingi, na vyote vinakaa na sabuni hadi igande.

Chombo chochote kitakuangusha ukikosea saa. Sabuni yenye mawese mengi kwa kawaida hukatika vizuri kati ya saa 24 na 48, ikiwa ngumu kiasi cha kutoacha alama ya kidole. Yenye nazi nyingi huwahi kukauka, anza kuikagua mapema, kwani ikichelewa hupasuka na kumeguka kingo. Yenye chumvi nyingi hukatwa ndani ya saa chache tu.

Uzito wa kuandika kwenye karatasi ya kufungia sabuni upime baada ya kukausha wiki nne hadi sita, maji yakiwa yameshatoka. Ukiuchukua siku ya kukata, mteja atakuwa analipia gramu ambazo hazimo.