Keezo Kuukuu Lisiuzwe kwa Mizani

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo yatufaa leo tunapozungumza juu ya mashine kuukuu za useremala, na hasa keezo, ambalo likishika kutu katika ua wa shule au karakana huhesabiwa kuwa chuma chakavu na kungojewa mnunuzi wa kulipima kwa kilo. Tunawaambia wakuu wa Masasi na Newala, na ndugu zetu wa Visiwani pia, kwa kuwa jambo hili ni lao wote.

Ukerezaji si ufundi wa kuazima. Kabla ya kuja umeme, mafundi wa Unguja na wa mwambao wote walikereza miguu ya vitanda na viti kwa keezo la kuvutwa kwa mkono. Unguja na Masasi nazo zimejuana tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja wakaenda kufanya makao Masasi. Huko Ndanda, Wabenedikto walifungua misheni mwaka 1906, na karakana zake zikawafunza useremala vijana wa Kusini. Mbegu ya ufundi imekwisha kupandwa. Yataka kupaliliwa tu.

Iko sababu nyingine, nayo ni mpingo. Mti huu ni mzito hata gogo lake huzama majini, na ugumu wake huondoa makali ya patasi upesi. Mchongaji wa Kimakonde hahitaji keezo. Tezo na patasi zamtosha. Lakini anayetaka kukereza bakuli, mkongojo au kinara cha mshumaa ahitaji mashine isiyotetemeka. Keezo la zamani lilitengenezwa kwa chuma kizito cha kusubu, na uzito huo ndio unaomeza mtetemo. Mashine nyepesi ya bati hucheza mbele ya mpingo. Wakati huohuo, mpingo wetu mwingi huvuka bahari ukiwa vipande vya mraba tu, ukakerezwe zumari za Ulaya. Faida kubwa ya mti humfuata anayeukereza.

Kusini tumekwisha kuonywa. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa Masasi na Newala katika miaka ya 1970 na 1980 vilikaa miaka mingi bila kazi. Mashine ngeni iliyokosa vipuri, na iliyokosa fundi wa kuijua, hufa mapema ingawa ni mpya. Keezo kuukuu halina siri: kila kiungo chake chaonekana kwa macho, na kingi chaweza kutengenezwa na fundi wa hapahapa.

Kazi yenyewe hutaka subira kuliko fedha. Kwanza kila kiungo kitiwe alama kabla ya kufunguliwa. Nati zilizoganda zilowekwe mafuta ya taa kwa siku kadhaa. Nyundo isitumike, maana chuma cha kusubu hupasuka. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na mafuta, lakini kitanda cha keezo kisipigwe tupa, kwani kikipoteza unyofu mashine imekwisha. Beringi zilizolika zibadilishwe au zisubiwe upya. Kisha ncha ya kichwa na ncha ya mkia zisogezwe zikutane. Zikipishana, kazi yote itatoka kombo. Mota ya fezi tatu isilazimishwe kwenye umeme wa nyumbani. Itafutwe mota inayolingana na umeme uliopo.

Wala tusihifadhi mashine tukapoteza vidole. Mikanda na puli ziwekewe kinga, mota ifungwe waya wa ardhini, na fundi asisimame mbele ya keezo na mikono ya shati inayoning'inia. Vumbi la mpingo nalo hudhuru ngozi na pumzi. Kitambaa cha pua ni sehemu ya zana.

Basi tunawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, mashine ya useremala isiingizwe katika orodha ya mnada kabla fundi hajaikagua na kutoa maoni yake kwa maandishi. Pili, vyuo vya VETA na ofisi za SIDO wayafanye matengenezo ya namna hii kuwa somo la vijana, kwa kuwa anayelifufua keezo moja atalijua la pili. Tatu, karakana itakayofufua mashine isaidiwe kupata mpingo uliovunwa kwa kibali, hata kama ni mabaki, ili isisukumwe kwenye magendo.

Bei ya chuma chakavu huliwa kwa siku moja. Keezo linalozunguka humlisha fundi, humfunza mwanafunzi wake, na kuubakiza mpingo nyumbani hadi uwe kitu cha thamani. Wakuu wetu wapime kwa mizani hiyo.