Jiwe Mwenyeji na Jiwe Mgeni

Ndugu msikilizaji, safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Katesh, mkoani Manyara, si fupi. Wengi huanza kusinzia kabla ya Chalinze. Mimi huomba kiti cha dirishani, maana barabara ile hupita katika historia ya kale kabisa ya nchi hii, na nauli haiongezeki kwa kutazama.

Pale Morogoro kuna milima ya Uluguru, ambayo miamba yake ilipikwa na kukandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukifika Dodoma mambo hubadilika. Yale majabali ni itale, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Mbele ya hapo, karibu na Manyoni, basi hukoroma likipanda ukuta wa Bonde la Ufa.

Katika safari yangu ya mwisho, kijana niliyekaa naye alinichunguza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Shikamoo mzee, unatafuta dhahabu?"

"Marahaba. Natazama mawe tu, mwanangu."

Tulikuwa tumefika Singida, ambako mawe makubwa ya mviringo yamebebana kandokando ya ziwa kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Hakuna aliyeyapanga. Itale iliganda chini ya ardhi, na mzigo wa udongo juu yake ulipopungua, ikapasuka nyufa. Maji yakaingia katika nyufa hizo. Jiwe likaoza kuanzia pembeni, kwa sababu pembe hushambuliwa kutoka pande zote, na kilichobaki katikati kikawa duara. Mvua zikachukua udongo, mawe yakabaki juu. Hayo nayaita mawe wenyeji. Yamezaliwa pale pale yalipo.

Kijana akafurahi. Akaniambia kwamba naye anakwenda kulipia kiwanja chini ya Mlima Hanang, bei ni nafuu, na mawe ya msingi yamejaa hapo hapo, hatanunua hata lori moja.

Ndugu msikilizaji, hapo nilinyamaza kidogo. Hanang ni mlima wa volkano wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ilimeguka, na tope likashuka na mawe na miti hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Tope la namna hiyo si maji machafu tu. Ni zito, karibu kama zege bichi, ndiyo maana huweza kubeba jiwe ambalo mto wa kawaida usingelisogeza. Tena halichambui. Mto hupanga mizigo yake: mawe hubaki juu, mchanga hufika mbali zaidi, udongo laini mbali zaidi bado. Tope likisimama, huacha kila kitu kimechanganyika, jabali kubwa kama gari likiwa limezama katika udongo pamoja na kokoto. Na mara nyingi huutandaza mzigo huo kama upepeo, kuanzia pale korongo linapotokea mlimani.

Sisemi kwamba kila jiwe mgeni lilikuja na msiba. Jingine hubingirika peke yake, jingine hurushwa na volkano. Lakini mawe mengi ya kila ukubwa, yaliyofukiwa pamoja mbele ya mdomo wa korongo, yalifika kwa njia moja, na njia hiyo bado ipo. Miaka 100 ya ukimya kwa mlima si kitu. Kwa binadamu ni muda wa kutosha kusahau na kupima viwanja.

"Korongo liko karibu na kiwanja chako?" nikamwuliza.

"Lipo kwa juu kidogo, mzee. Lakini ni kavu."

Nikamwambia aingie ndani ya korongo hilo mchana, kusiwe na dalili ya mvua, atazame kuta zake, kwa kuwa maji yameshamchimbia shimo bure. Akanitaka nirudie habari ya mawe yaliyochanganyika na udongo, nikairudia mara mbili.

Alishuka Katesh na begi lake dogo. Fedha za kiwanja, alisema, zitakaa mfukoni mpaka kesho jioni.