Kushuka mto na watoto: tiketi hailishi familia

Likizo ikifika, wengi wetu tutashuka mto kwenda Kinshasa. Ni zaidi ya kilomita 1,700. Kwa balenieri, chombo kikikwama kwenye mchanga, siku zinaongezeka.

Mara nyingi tiketi inalipia nafasi tu. Kabla ya kutoa pesa, uliza: chakula kimo? Mzigo unalipiwa kando? Jaketi za kuokolea za watoto zipo?

Beba mchele, maharagwe, chumvi, mafuta na turubai la mvua. Mimi niliwahi kubeba mikate mingi. Siku ya nne ikaota ukungu. Samaki, kwanga na ndizi huletwa na mitumbwi, na Bumba, Lisala na Mbandaka kuna soko. Weka pesa ndogondogo kando.

Maji ya mto yachemshwe. Mtoto akiharisha mbali na hospitali, ni hatari.

Mbabula iwashwe tu pale wafanyakazi wanapoonyesha. Mwezi wa 4 mwaka 2025, karibu na Mbandaka, balenieri iliungua na watu wengi wakafa. Ilisemekana moto ulianzia kwenye mapishi.

Aliyesafiri karibuni atuletee bei mkutanoni.