Stakabadhi ipo, kahawa haipo

Faili zilikuwa 41. Nilizihesabu mwenyewe nikiwa nimeegemea kaunta, kwa kuwa kioo cha kompyuta kilielekea upande wetu na mimi sikuwa na la kufanya zaidi ya kusubiri simu yangu ibadilishwe sistimu chaji. Kila faili ilikuwa na jina lake, tarehe yake na ukubwa wake. "Bibi Leguruki 2." "Mzee wa mfereji." "Babu, siku ya moto." Mwenye flashi, mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa Ngare Nanyuki, alikuwa akizitaja kabla fundi hajazifikia, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Fundi akabonyeza ya kwanza, ikacheza. Ya pili ikacheza. Akaruka hadi ya 12, kioo kikabaki cheusi. Ya 13, nyeusi. Ya 20. Ya 41.

"Chalii yangu," fundi akasema bila kumtazama, "kwenye simu ulizifuta?"

"Zote, kaka. Simu ilikuwa inajaa."

Simu yangu ilipona dakika ishirini baadaye, lakini sikuondoka. Wiki ile nilirudi mara tatu kwenye kibanda kile kilichojibana kwenye korido moja karibu na Stendi Ndogo. Flashi feki si habari mpya kwa mkazi yeyote wa Arusha. Kilichonikaa moyoni ni yale majina. Kama kitu kimepotea, kwa nini jina lake limebaki pale limenyooka, na tarehe, na uzito kamili mpaka megabaiti ya mwisho?

Fundi ana miaka 16 kwenye kazi hii. Skrubu zake anaziweka kwenye mfuniko wa kopo la Blue Band, na mswaki wake wa kusafishia saketi hauruhusiwi kuguswa na mtu mwingine. Aliomba nisiandike jina lake, na sababu yake nitaifikia.

Kwanza hakuandika chochote kwenye ile flashi. Alinakili kila kilichosomeka akakiweka pembeni. Halafu akaifungua faili ya 12 kwa programu inayoonyesha tarakimu ghafi za ndani. Kwenye faili ya kwanza tarakimu zilijazana kama siafu, herufi na namba zisizofanana. Kwenye ya 12 zilikuwa sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, mstari kwa mstari. Akateremsha ukurasa kwa kidole, taratibu, kisha haraka, kisha akafika mwisho wa faili. Dakika 22 za mzee mmoja akizungumza uani kwake, zote sifuri.

Kijana alikuwa amesimama nyuma yake. Akauliza kama labda ni kirusi. Fundi akatikisa kichwa.

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo nimelirudia kichwani tangu siku ile. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa Nkoaranga, kwa hiyo anaongea kwa lugha ya ghala. Ndani ya kila flashi, alisema, kuna vitu viwili: kumbukumbu yenyewe, na kichipu kingine kidogo kinachoisimamia. Huyo ni karani. Kompyuta haiingii ghalani hata siku moja. Inamuuliza karani mlangoni: ghala lako linachukua gunia ngapi? Chochote atakachojibu, kompyuta inaamini.

"Sasa huyu karani amefundishwa uongo kiwandani," akasema. "Ghala ni la gunia 32, yeye anasema 2,000. Ukileta la 33 analipokea vizuri kabisa. Anakuandikia stakabadhi. Halafu analitupa kwa dirisha la nyuma."

Daftari la majina, yaani orodha ya faili, linakaa mlangoni kabisa, kwenye ile sehemu ndogo ambayo ni ya kweli. Ndiyo maana majina hayapotei. Stakabadhi zote 41 zilikuwapo. Kahawa ilikuwapo ya stakabadhi 11 tu.

Wapo makarani wengine, akaongeza, ambao hawatupi. Wanamwaga gunia la leo juu ya la jana. Aina hiyo ilijulikana sana mwaka 2011, pale fundi mmoja wa Urusi alipoletewa diski ya nje ya GB 500 iliyonunuliwa kwa bei ya chee upande wa pili wa mpaka, China. Filamu zilikuwa zikicheza dakika zake za mwisho tu. Alipoifungua alikuta flashi ya megabaiti 128 na nati mbili za chuma zilizowekwa ili kitu kiwe na uzito mkononi. Agosti 2022 mtafiti mmoja wa usalama wa kompyuta huko Marekani alinunua diski ya "terabaiti 30" kwa bei ya viatu vya kawaida. Ndani mlikuwa na kadi mbili ndogo za megabaiti 512 kila moja, zimebandikwa kwa gundi ya moto.

Ya kijana wetu haikuwa na nati. Fundi aliipasua kwa ukucha wa kidole gumba, na ganda la bati likaachia bila ubishi. Ndani palikuwa na kisaketi cha kijani kisichofika urefu wa njiti ya kiberiti, na juu yake kadi ya microSD, aina ileile ya kwenye simu, isiyo na chapa wala namba. Palikuwa na tone la gundi lililokauka vibaya, na ndani ya gundi unyoya mdogo, sijui wa brashi au wa nguo ya aliyeibandika. Nje ya ganda hilohilo maandishi "2TB" yalichongwa kwa leza, kwa usafi ambao sijawahi kuuona hata kwenye saa.

Baadaye, nakala zikiwa salama, akaipima kwa programu inayogawa flashi kwenye vijumba 576 na kujaribu kuandika na kusoma kimoja kimoja. Penye hifadhi ya kweli kijumba hugeuka kijani, pasipo nayo hugeuka chekundu. Nilihesabu vya kijani: tisa, vyote juu kushoto. Kilichobaki kilikuwa uwanja mwekundu mtupu.

Nilitaka kujua ni kwa vipi karani anafundishika uongo. Jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma ni la mhandisi wa Marekani, Andrew Huang, anayefahamika kwa jina la bunnie. Mwaka 2010 alikuta kadi za microSD zenye chapa ya Kingston zinamgomea kiwandani, akalifuatilia jambo hilo hadi kwenye masoko ya elektroniki ya China. Desemba 2013, yeye na mwenzake Sean Cross walisimama mbele ya mkutano wa wataalamu mjini Hamburg wakaonyesha kwamba kichipu kile ni kompyuta kamili, na programu yake inaweza kuandikwa upya na mwenye ujuzi. Lakini kilichonigusa ni sababu ya kuwapo kwake. Kumbukumbu za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na matundu kibao, sehemu zisizoshika kitu. Kuzichambua moja moja ni gharama zaidi kuliko kuweka karani wa kukumbuka matundu yako wapi na kuyakwepa. Kwa hiyo hata kwenye flashi halali karani anaficha ubovu kila siku, kwa faida yetu. Tapeli hakuhitaji kuvunja mlango wowote. Alimkuta mtu wa kuficha tayari yuko kazini, akambadilishia maagizo.

Kilichokuwa kwenye zile faili 30 zilizopotea wengi wa kaskazini wanakijua kwa muhtasari. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu; mwaka uliofuata Kirilo Japhet akalipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa, New York. Hayo yamo vitabuni. Kijana alikuwa akiwatafuta na kuwarekodi waliokuwa watoto wakati wa uhamisho ule. Aliniambia vipande anavyovikumbuka: bibi aliyebebeshwa kuku wawili akaambiwa asigeuke nyuma, mzee aliyetaja kwa jina kila boma la ukingo mmoja wa mto, kwa mpangilio, bila kukosea. "Ile ya maboma ndiyo inaniuma," alisema. Mzee huyo alizikwa mwezi wa pili. Wengine pia hawapo tena.

Nje kidogo ya jiji hilihili, Lakilaki, kuna jengo la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Novemba 2016 ambamo kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, zikiwamo sauti na picha za mashahidi, zinatunzwa kwenye vyumba ambavyo joto na unyevu wake vinapimwa. Ndivyo ushuhuda unavyostahili kulala. Wa Ngare Nanyuki ulilala kwenye tone la gundi lenye unyoya.

Kijana aliinunua flashi yake mtandaoni kwa shilingi 35,000, nauli ya basi kutoka Dar ikiwa ndani yake. Sitamlaumu. Flashi ya 2TB ni kitu kilichopo duniani, Kingston walitangaza ya kwao Januari 2017, ila kifaa halali cha ukubwa huo kinauzwa laki kadhaa. Mwanafunzi mwenye simu inayojaa kila wiki haoni laki kadhaa, anaona 35,000. Na hakuwa mzembe. Video za mwanzo alizifungua akazitazama hadi mwisho, zikawa nzima, akaamini. Mtego wenyewe umejengwa hivyo: gunia 32 za kwanza zinaingia kweli. Tena hata lililotupwa dirishani laweza kuonekana dakika ileile umelihamisha, kwa kuwa kompyuta bado imeishika nakala kichwani mwake. Ni mpaka uchomoe, uchomeke tena.

Ndiyo maana ushauri wa fundi ni mmoja, na anautoa kwa sauti ya mtu aliyechoka kuutoa. Flashi mpya ijazwe yote, mpaka ukingoni, kwa vitu visivyo na thamani, kabla haijapewa chenye thamani. Programu za kufanya hivyo ni za bure. H2testw ya Wajerumani ndiyo ya zamani, na yenyewe huandika kisha husoma ilichoandika. Usiku mzima unaweza kuisha, na uishe. GB 64 ikisoma 59 usiogope, hiyo ni hesabu tu ya kompyuta. Na cha kwenye simu hakifutwi mpaka nakala ziwe mbili, sehemu mbili, na zote zimefunguliwa baada ya kuchomekwa upya.

Nilimuuliza kuhusu wauzaji, nikitegemea hasira. Akanyamaza, akaokota skrubu ambayo haikuwa imeanguka. Kisha akaniambia kwamba miaka ya nyuma alinunua boksi la memori kadi za GB 64 Kariakoo, kwa bei iliyomfurahisha. Hakupima hata moja. Aliuza 20 kaunta hiihii. Wanne walirudi, akawarudishia hela zao, na ndipo alipojua.

"Hao 16 wengine sijui," alisema. "Labda hawajajaza. Labda waliona aibu kurudi. Labda kuna mtu alipiga picha za msiba wa mama yake."

Kwa hiyo yule muuzaji wa mtandaoni, naye anajua anachouza? Namba aliyoilipa kijana haipatikani. Ukurasa upo, na tangazo lipo, ila bei imeshuka hadi 28,000. Jumia, duka la mtandaoni, walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019. Siku hizi wengi tunanunua kwenye kurasa za watu binafsi, tunalipa kwa simu, mzigo unakuja na basi. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inakataza kudanganya kiasi cha bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kijana ana ujumbe wa malipo na kipande cha risiti ya basi. Aanzie wapi, na hivyo viwili?

Tunakumbuka usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki nchi nzima kwa namba zake za IMEI. Flashi haina cha kubonyeza *#06#. Wakala wa Vipimo wanapita sokoni Kilombero kukagua mizani, na pampu za mafuta zina stika zao. Gigabaiti inapimwa na nani?

Mara ya tatu nilipokwenda, kijana alikuwapo. Fundi alikuwa amemhifadhia zile faili 11 kwenye vifaa viwili tofauti, akampa. Flashi yenyewe alitaka kuitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Kijana akamzuia. Akaomba orodha ichapishwe kwanza, ile ya majina yote 41, pamoja na tarehe.

Ilitoka kurasa mbili. Aliiweka juu ya kaunta, akaazima kalamu yangu, akaanza kuweka alama pembeni ya waliobaki hai. Alipofika mwisho alama zilikuwa saba. Akauliza basi la mwisho la kwenda Ngare Nanyuki siku hiyo linaondoka saa ngapi.