Dafu Halina Kosa

Hapa Bagamoyo mwanamume mwenye busha hujulikana kwa anavyokaa. Barazani wenzake wakicheza bao, yeye huchagua pembeni. Kanzu pana haimtoki mwilini hata siku ya kazi. Alfajiri watu wakishuka pwani kuvuta juya, yeye anasema kiuno kinamsumbua.

Mimi ni mama mgawa dawa. Napita nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia, maana kingatiba ya mabusha na matende hutolewa kwa kimo: aliyefika sentimita 159 humeza vidonge vinne vya ivermektini na kimoja cha albendazole. Shikamoo ikiitikiwa, nasikia yale yale: "Mwanangu, haya ni madafu tu. Ujanani niliyanywa mno."

Dafu halina kosa. Busha la pwani yetu, mara nyingi, chanzo chake ni minyoo wembamba kama uzi wanaoenezwa na mbu. Wakubwa hukaa miaka mingi katika mishipa ya limfu, hasa ile ya korodani. Mishipa ikiharibika, maji hujaa kwenye mfuko wake. Watoto wa minyoo hao huzunguka katika damu, na huwa wengi zaidi usiku wa manane, wakati mbu yuko kazini. Na mbu huyo tunamfuga wenyewe, kwenye mashimo ya vyoo na makaro yasiyofunikwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanaume milioni 25 wanaishi na busha la aina hii.

Linaloniumiza ni hili. Vidonge huua watoto wa minyoo walio katika damu. Busha lililokwisha kujaa havilipunguzi. Mzee anameza mwaka huu na mwaka ujao, anajitazama, anaona liko pale pale. Basi anawaambia vijana wake dawa hazifai, na mtaani wanaongezea kwamba zinamaliza nguvu za kiume. Hazimalizi! Baba anameza ili mbu akimuuma usiku asipate cha kumpelekea mtoto aliyelala chumba cha pili. Kazi hii ya kugawa dawa ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, na inataka watu wameze kwa wingi, mwaka hadi mwaka.

Busha lenyewe dawa yake ni upasuaji. Daktari hutoa maji, kisha ule utando unaoyashika huukata au huupindua. Korodani inabaki mahali pake. Kutobolewa na fundi wa mtaani ni hatari: maji hurudi, na usaha unaweza kuingia. Tena si kila uvimbe ni busha. Ngiri ni utumbo ulioshuka. Ukikaza ghafla, ukauma na mtu akatapika, apelekwe hospitali usiku ule ule. Kijana akigusa uvimbe mgumu kwenye korodani, hata kama hauumi, akapimwe, maana saratani huweza kuanza hivyo.

Mara nyingi ni mke anayenifuata hadi njiani, sauti chini, kuniuliza mumewe atasemaje mapokezi mbele ya foleni. Namwambia aseme ana uvimbe sehemu za siri, anaomba daktari wa kiume. Hadaiwi maelezo zaidi pale dirishani. Wengi hurudi nyumbani siku chache baada ya upasuaji. Kuvuta nyavu kunasubiri wiki kadhaa, hadi daktari aruhusu, kwa hiyo mambo ya chakula cha nyumbani yapangwe mapema na ndugu.