Chapa za Zamani na Faida ya Maktaba Kushirikiana

Anayetaka kuchunguza maradhi yaliyowapata wakazi wa nyanda zinazouzunguka Mlima Meru mwishoni mwa karne ya 19 atakuta kwamba mengi yaliandikwa na kupigwa chapa wakati huohuo. Oscar Baumann, aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1892, alitoa kitabu cha safari yake mjini Berlin mwaka 1894, na humo alisimulia njaa iliyofuata baada ya sotoka kuteketeza ng'ombe. Moritz Merker, afisa wa jeshi la Kijerumani, alichapisha mwaka 1904 kitabu kikubwa juu ya Wamaasai, chenye habari za maradhi, dawa na mimea yao. Toleo la pili, lililoongezwa, likatoka mwaka 1910. Nao wamisionari wa Leipzig, waliofungua kituo Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru, mwaka 1902, walipeleka taarifa zao zichapwe katika jarida la misheni yao huko Ujerumani. Hifadhi ya misheni hiyo sasa imo katika mji wa Halle.

Tatizo la mtafiti aliyeko Lemara, basi, ni kwamba ushahidi kuhusu mahali pamoja umetawanyika katika maktaba nyingi, na hakuna hata moja iliyo nao wote. Makala haya yanaeleza kwa nini maktaba za utafiti hushirikiana katika kutunza chapa za zamani, na jinsi ushirikiano huo unavyoigusa elimu ya afya.

Yafaa kwanza kueleza maana ya chapa za zamani. Wakutubi wa Ulaya huhesabu vitabu vilivyopigwa kwa mtambo wa mkono, tangu katikati ya karne ya 15 hadi takriban nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kwetu Afrika Mashariki uchapaji ulichelewa. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilikuwa na mtambo wake Unguja katika miaka ya 1860, na Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alianzisha kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya fikihi ya Ibadhi kwa Kiarabu. Gazeti la Msimulizi lilianza Unguja mwaka 1888, na Kiongozi likaanza Tanga mwaka 1904. Kwa hiyo, tunaposema chapa za zamani katika nchi zetu, tunakusudia pia machapisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20.

Faida ya kwanza ya ushirikiano ni kujua kilichopo. Mwaka 1980 Maktaba ya Uingereza ilianza kukusanya orodha moja ya vitabu vilivyochapwa katika karne ya 15, na leo orodha hiyo ina matoleo yapatayo 30,000, pamoja na majina ya maktaba zilizo na nakala. Mwaka 1992 maktaba za utafiti za Ulaya ziliunda umoja wao ili kuunganisha taarifa za chapa za zamani. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini humwokoa mtafiti na safari za bure, na humjulisha mkutubi kama kitabu alicho nacho rafuni ni cha kawaida au ni nakala ya mwisho duniani.

Faida ya pili ni kulinganisha nakala. Nakala mbili za toleo moja hazilingani kabisa: moja imepungua kurasa, nyingine ina muhuri wa mwenyewe, nyingine imejaa maandishi ya wasomaji pambizoni. Tuchukue kitabu cha Andreas Vesalius juu ya umbile la mwili wa binadamu, kilichochapwa Basel mwaka 1543 na tena mwaka 1555. Mwaka 2018 wanazuoni walichapisha sensa ya nakala zaidi ya 700 za matoleo hayo mawili zilizosalia duniani. Walichunguza nani alimiliki kila nakala na wasomaji waliandika nini ndani yake. Kutokana na alama hizo tunaona sehemu zipi za kitabu zilisomwa kwa bidii na zipi ziliachwa, yaani namna elimu ya mwili ilivyopokewa. Maktaba moja isingeweza kutoa jibu hilo, hata ingekuwa tajiri namna gani.

Faida ya tatu inahusu majina, na hapa ndipo usalama wa watu unapoingia. Katika vitabu vya Kijerumani Arusha huandikwa Aruscha, na Wachagga huitwa Dschagga. Anayetafuta kwa tahajia ya leo hapati kitu, ingawa kitabu kipo. Umoja wa maktaba za Ulaya umetengeneza hazina ya majina inayounganisha tahajia mbalimbali za mahali na za watu. Hata hivyo, majina ya mimea ya dawa yana ugumu zaidi. Jina la Kimaasai lililosikiwa na Mjerumani na kuandikwa kwa herufi zake laweza kusomwa leo kama jina la mti mwingine kabisa, na mti huo ukawa na sumu. Kulithibitisha kunahitaji matoleo yote mawili ya Merker yalinganishwe, mtaalamu wa mimea ashauriwe, na juu ya yote asikilizwe msemaji wa lugha anayeujua mti wenyewe. Huyo hapatikani Halle wala Berlin. Yuko Meru, Monduli na Longido.

Ndiyo maana si sahihi kudhani kwamba katika ushirikiano huu maktaba za Ulaya hutoa nasi hupokea tu. Wao wana vitabu na mitambo ya kupigia picha kurasa. Sisi tuna lugha, maarifa ya mahali, na mizani ya kupimia yaliyoandikwa. Merker, kwa mfano, alishikilia kwamba Wamaasai wana asili moja na Waisraeli wa kale, rai iliyokataliwa na wanazuoni. Mwenye kutumia kitabu chake hana budi kutenganisha alichokiona kwa macho na alichokidhania.

Faida ya nne ni kuhifadhi. Karatasi nyingi za nusu ya pili ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa rojo ya miti na zina asidi. Hugeuka manjano na kuvunjika zinapokunjwa. Maktaba zikipatana, nakala iliyo nzima kuliko zote ndiyo hupigwa picha, mara moja tu, na nyingine hupumzishwa. Fedha ambazo zingerudia kazi ileile hubaki kwa kitabu kingine.

Ushirikiano una masharti yake. Mapatano yaandikwe: nani mwenye picha, nani aruhusiwe kuzitumia, na kwamba nakala za kidijitali zirudi mahali habari zilikotoka, zisomeke bila malipo. Tanzania tayari ina umoja wa maktaba za vyuo vikuu na za utafiti, ujulikanao kama COTUL, ambao maktaba wanachama hupata kwa pamoja majarida ya kielektroniki. Njia hiyohiyo yaweza kutumika kwa chapa za zamani, nayo haihitaji kuanza na mitambo ya gharama. Inatosha kila maktaba iandike, kwa fomu moja iliyokubaliwa, jina la kitabu kama lilivyo kwenye ukurasa wa mbele, mahali na mwaka wa chapa, idadi ya kurasa, mihuri na kasoro.

Vitabu vingine havimo maktabani kabisa. Vimo katika makabati ya parokia, misikiti na nyumba za watu. Aliye na kitabu cha namna hiyo asikitengeneze kwa selotepu wala gundi, asikianike juani, wala asifute maandishi ya pambizoni. Akiweke pakavu, mbali na mchwa, kisha amwoneshe mkutubi wa chuo kilicho karibu. Kukionesha si kukitoa. Kitabu hubaki mali yake, na taarifa zake huingia katika orodha.